Mitandao ya kijamii katika masomo ya udaktari: inafundisha nini, inakwama wapi

Mwanafunzi wa udaktari akionekana ameinamia simu kwenye korido ya wodi, hukumu hutoka haraka. Mhadhiri mkongwe anaona uzembe. Mwanafunzi mwenyewe atasema anasoma, na huenda ni kweli: kwenye kioo hicho kuna uzi, yaani mfululizo wa machapisho yaliyounganishwa, unaoeleza kwa nini sodiamu ya damu hushuka kwa mgonjwa wa moyo, na akisukuma kidole mara moja tu anakutana na klipu ya mtu akicheza dansi. Mabishano hayaishi kwa sababu kila upande una mfano wake, na kila mfano ni sahihi. Swali lenye manufaa ni jingine: katika yote ambayo mtu hufanya kwenye mitandao hiyo, ni yapi humwachia kitu kichwani wiki tatu baadaye, akiwa amesimama mbele ya mgonjwa na simu iko mfukoni?

Tuanze na maana. Mitandao ya kijamii hapa ni huduma yoyote ya intaneti ambayo watumiaji wenyewe ndio wanaochapisha, wanaojibu na wanaosambaza: X (iliyokuwa Twitter), YouTube, Instagram, TikTok, Facebook, na pia WhatsApp na Telegram, ambazo wengi huzisahau kwa kuwa wanazihesabu kama simu tu. Tovuti ya chuo yenye maandishi ya mhadhara haimo, hata ikisomwa kwa simu. Elimu ya tiba nayo ni ndefu kuliko miaka ya chuoni. Inaanzia kwa anayekariri majina ya mifupa mwaka wa kwanza, inapita kwa daktari aliye kwenye mafunzo kwa vitendo, inafika kwa bingwa ambaye miongozo aliyofundishwa imeshabadilishwa mara mbili. Wauguzi, matabibu, wakunga na wafamasia wamo.

Kuna mchanganyiko mwingine wa kuondoa mapema. Daktari anayeelimisha umma kuhusu kisukari, daktari anayeitangaza kliniki yake, na daktari anayewafundisha wenzake wanaweza kutumia akaunti moja, lakini hizo ni kazi tatu na kila moja ina kipimo chake. Makala haya yanahusu ya tatu.

Kazi hiyo imekuwepo kwa muda sasa. Mwaka 2012, kwenye mkutano wa kimataifa wa tiba ya dharura huko Dublin, daktari wa dharura kutoka Australia, Mike Cadogan, alileta jina FOAM kwa elimu ya tiba iliyo huria na isiyolipiwa. Jina likashika, na alama ya reli #FOAMed ikawa kikapu ambamo watu walitupia mihadhara, michoro na mijadala yao. Mwaka 2014 wataalamu wa figo walianzisha #NephJC: utafiti mmoja unateuliwa, saa inatangazwa, kisha yeyote duniani anaingia kuuchambua, na wakati mwingine mwandishi wa utafiti huo huwa humo akijibu maswali. Anayesoma mbali na hospitali kubwa ya kufundishia hakuwa na njia ya kumfikia mtu wa namna hiyo hapo zamani.

Faida nyingine iko kwenye picha. Kwa miaka mingi vitabu vya magonjwa ya ngozi vilijaa picha za ngozi nyeupe. "Wekundu" unaoandikwa vitabuni, ukiwa juu ya ngozi nyeusi, mara nyingi huonekana zambarau, kahawia iliyokolea au kijivu, na daktari anayesubiri rangi nyekundu anaweza kuupita uvimbe wenye maambukizi bila kuutambua. Kurasa za Instagram zinazokusanya picha za magonjwa hayo hayo kwenye ngozi nyeusi ziliziba pengo hilo haraka kuliko matoleo mapya ya vitabu.

Mpaka hapo mitandao inastahili sifa. Shida huanza tunapopima mafanikio. Mwaka 2016 daktari wa upasuaji Andrew Ibrahim, akishirikiana na jarida la Annals of Surgery, alianzisha muhtasari wa picha: utafiti mzima unafupishwa katika michoro michache na namba kubwa. Mwaka uliofuata wakachapisha jaribio la makala 44, kila moja ikitangazwa kwenye Twitter kwa njia mbili, mara kwa kichwa cha habari tupu na mara kwa muhtasari wa picha. Muhtasari wa picha uliongeza waliofungua makala kwa karibu mara 2.7. Ni matokeo mazuri, ila yasome kama yalivyo: kilichohesabiwa ni mibofyo. Hakuna aliyepewa mtihani baada ya mwezi.

Dosari hiyo imetapakaa kwenye tafiti nyingi za eneo hili. Wataalamu wa elimu hupima mafunzo kwa ngazi nne: mwanafunzi alifurahia, alijua zaidi, alibadili anavyofanya kazi, mgonjwa akapata nafuu. Mapitio yaliyochapishwa 2013 kwenye jarida la Academic Medicine yalikusanya tafiti 14 kuhusu mitandao ya kijamii katika elimu ya tiba, yakaona faida katika maarifa, mitazamo na stadi, lakini pia yakaonyesha matatizo yanayojirudia: hitilafu za kiufundi, na ushiriki usio sawa, ambapo wachache huongea na wengine hupita kimya. Tafiti nyingi za aina hii huishia ngazi ya kwanza. Mtu akikwambia "wanafunzi asilimia kadhaa waliipenda njia hii", muulize ngazi ya pili iko wapi.

Kwa nini kupenda hakutoshi? Mwaka 2006 wanasaikolojia Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi kifungu kifupi cha kusoma. Baadhi walikisoma tena. Wengine walikifunika na kuandika kila walichokumbuka, bila kurudi kukitazama. Walipopimwa baada ya dakika 5, waliorudia kusoma walikuwa mbele: asilimia 81 dhidi ya 75. Baada ya wiki moja mambo yalipinduka: waliorudia kusoma walikumbuka asilimia 42, na waliojipima asilimia 56. Kwa hiyo hisia ya "nimeelewa" inayokujia mara tu uzi unapoisha ni ya kweli kwa dakika tano hizo.

Video ina mtego wake wa ziada. Mwaka 2013 timu ya Shana Carpenter iliwaonyesha wanafunzi video fupi ya maelezo yale yale. Kwenye toleo moja mwalimu alisimama wima, akatazama kamera na kuongea kwa ufasaha. Kwenye jingine aliinamia karatasi, akasoma kwa kigugumizi. Waliomwona mwalimu fasaha waliamini watakumbuka mengi zaidi. Mtihani ulipokuja, hawakuwazidi wenzao kwa kiasi cha maana. Sasa fikiria watengenezaji wa klipu za sekunde 60, ambao kazi yao yote ni ufasaha. Mtazamaji wao ni kama abiria aliyekaa kiti cha mbele kwa miaka kwenye njia moja: kona zote anazitambua zikifika, lakini mwachie usukani uone kama atajua pa kukata.

Njia ya kutoka kwenye mtego huo ni ndogo, na wengi huidharau kwa sababu inachosha: lazimisha jibu kabla ya kuonyeshwa. Klipu ya ECG (mchoro wa umeme wa moyo) ikianza, isimamishe. Andika kwenye karatasi kasi ya moyo, mdundo wake ni wa kawaida au umevurugika, mhimili uko wapi, sehemu ya ST imepanda kwenye waya zipi, na utambuzi wako mmoja. Ndipo uiruhusu iendelee. Uzi wenye picha ya eksirei, usishuke chini ya picha mpaka umeandika kitu. Ukikosea baada ya kuandika unajua hasa ulipokosea. Ukikosea kimoyomoyo, akili hujisamehe na kudai ilijua.

Baada ya hapo geuza ulichopata kuwa maswali yasiyozidi matatu, uyaweke kwenye daftari au programu ya kadi kama Anki, na uyarudie kesho yake, wiki ijayo, na wiki ya tatu. Maswali matatu yanatosha. Uzi wa machapisho 25 unaoleta kadi 25 huishia kwenye rundo ambalo hakuna anayelirudia.

Kuna jambo moja ambalo nidhamu ya kusimamisha klipu pekee hailitibu. Algorithimu inayopanga unachokiona inatazama ulikaa muda gani kwenye nini. Haijui mtaala wako wala pengo lako. Ugonjwa wa nadra wenye picha ya kushangaza hukusanya watazamaji, wakati shinikizo la damu la kawaida, ambalo daktari huyo atakutana nalo kila siku ya maisha yake ya kazi, halina klipu ya kusisimua. Mwanafunzi anayesoma kwa kufuata mkondo huo anaweza kueleza uvimbe wa tezi ya adrenali kwa madoido na kujikwaa kwenye kuchagua dawa ya kwanza ya presha. Kinga yake ni kuandika swali kabla ya kufungua programu, kisha kutumia kisanduku cha kutafutia badala ya ukurasa wa mwanzo. Swali likijibiwa, toka.

Na yule anayesema "mimi hujifunza kwa kuona, ndiyo maana video hunifaa"? Mapitio ya Harold Pashler na wenzake ya 2008 yalitafuta ushahidi kwamba kumfundisha kila mtu kwa mtindo anaoupenda huongeza matokeo, na hawakupata ushahidi wa kutosha wa kuitetea imani hiyo. Video hufaa pale somo lenyewe ni la mwendo: jinsi ya kufunga uzi wa mshono, jinsi mtoto anayepumua kwa shida anavyobonyea mbavu. Kwa dozi za dawa, jedwali lililoandikwa ni bora kwa kila mtu.

Mahali ambapo masomo mengi ya kweli hufanyika hapazungumzwi sana: makundi ya WhatsApp na Telegram. Kundi la watu 200 ni ubao wa matangazo, na hakuna haja ya kulilazimisha kuwa darasa. Kwa majadiliano ya visa, watu 8 hadi 15 wanatosha. Utaratibu unaofanya kazi huwa hivi. Jumatatu mmoja anaweka kisa chenye sentensi tano: umri kwa makadirio, malalamiko, muda, vipimo vya mwili (joto, mapigo, pumzi, presha, oksijeni) na jambo moja lililoonekana kwa uchunguzi. Kisa kinabeba swali moja tu, "Utafanya nini kwanza?" au "Ni lipi usilopaswa kulikosa?", si yote mawili. Mpaka Jumatano usiku kila mmoja anamtumia mwongozaji jibu lake faraghani. Alhamisi mwongozaji anaweka majibu yote bila majina, jibu sahihi, sababu, na kiungo cha mwongozo rasmi wenye mwaka wake. Wiki tatu baadaye swali linarudi likiwa limevalishwa mgonjwa mwingine.

Kwa nini majibu yapite faraghani? Kwa sababu mtu wa kwanza kujibu hadharani, hasa akiwa mkubwa kwa cheo, huwavuta wote waliobaki. Kura za WhatsApp zina kasoro hiyo hiyo: zinaonyesha nani amechagua nini hapo hapo. Telegram ina chemsha bongo ambamo majina yanaweza kufichwa na maelezo hutokea baada ya mtu kuchagua, hivyo humpunguzia mwongozaji kazi. Tofauti nyingine ni namba: kwenye kundi la kawaida la WhatsApp kila mwanakundi huiona namba ya simu ya mwenzake, wakati Telegram inaruhusu kuificha na kutumia jina. Kwa kundi lenye walimu na wanafunzi hilo si dogo.

Makundi haya hufa kwa njia zinazofanana. Salamu za asubuhi na jumbe za kusambazwa hufunika kisa, anayerudi jioni anaona jumbe 140 ambazo hazijasomwa na anaacha kufungua. Mafaili hupotea kwenye gumzo kwa sababu hakuna aliyebandika muhtasari juu. Mwongozaji pekee anahitimu na kuondoka na kila kitu. Au kundi la kujifunzia linageuka taratibu kuwa kundi la kuulizia tiba ya mgonjwa aliye kitandani sasa hivi, na hapo sheria, wajibu na hatari vinakuwa vingine kabisa: nani atawajibika kwa ushauri uliotolewa saa sita usiku na mtu ambaye hakumwona mgonjwa? Weka mpaka huo kwenye maelezo ya kundi tangu siku ya kwanza. Wanaosoma kimya, kwa upande mwingine, wasisumbuliwe. Anayeandika jibu lake kwenye daftari bila kulituma naye anajifunza.

Sasa ukweli wa kilichochapishwa. Watu hutegemea ishara tatu zisizo na uzito: wafuasi wengi, koti jeupe, na tiki ya bluu. Kwenye X, tangu Aprili 2023, tiki za zamani zilizotolewa baada ya kuthibitisha mtu ni nani ziliondolewa, na ya sasa kwa kawaida hupatikana kwa malipo ya usajili. Haisemi lolote kuhusu shahada. Ukitaka kumjua anayeongea, tafuta jina lake kwenye daftari la baraza la madaktari la nchi yake au ukurasa wa taasisi yake, kisha angalia kama anaongea ndani ya fani yake. Bingwa wa mifupa anayefundisha chanjo anaweza kuwa sahihi, ila cheo chake hakikusaidii kujua.

Baada ya mtu, tazama tarehe. Maarifa ya tiba huzeeka, na video haina mvi. Kufufua moyo uliosimama ni mfano mzuri. Kabla ya 2010 wafunzwaji waliambiwa waanze na njia ya hewa, kisha pumzi, kisha kubonyeza kifua. Mwaka 2010 American Heart Association iligeuza mpangilio: kifua kwanza, angalau mara 100 kwa dakika, kina cha angalau sentimita 5 kwa mtu mzima. Mwaka 2015 ikaweka kikomo cha juu: mara 100 hadi 120 kwa dakika, na kina kisizidi sentimita 6. Kwa hiyo video nzuri ya 2011, iliyotengenezwa na mtaalamu halisi, bado inaweza kumfundisha mtu kubonyeza kwa kasi bila kikomo. Mwenye video hakukosea siku aliyoichapisha.

Kisha tazama kilichoachwa. Chapisho linalosema "adrenalini mililita 0.5" bila kutaja ukali wa dawa ni la kuogopwa. Kwenye chupa ya 1:1000, mililita 0.5 ni miligramu 0.5, dozi ya mtu mzima mwenye mzio mkali, ndani ya msuli wa paja. Kwenye ile ya 1:10,000, mililita 0.5 ni miligramu 0.05, pungufu mara kumi. Ufupi wa chapisho ndio ulioila namba muhimu. Dozi yoyote iliyokutana nawe mtandaoni ihesabu kuwa ni kumbusho la kwenda kuitafuta kwenye kitabu cha dawa, na usiinakili popote kabla ya hapo.

Video za upasuaji zinahitaji jicho la aina hiyo hiyo. Katika kuondoa kifuko cha nyongo kwa matundu madogo, Steven Strasberg na wenzake walieleza mwaka 1995 masharti matatu ya kutimiza kabla ya kukata chochote: eneo kati ya mrija wa kifuko na ini lisafishwe mafuta na nyuzi, theluthi ya chini ya kifuko itenganishwe na ini, na vionekane vitu viwili pekee vinavyoingia kwenye kifuko. Lengo ni kuepuka kukata mrija mkuu wa nyongo. Video iliyohaririwa ikaruka sehemu hiyo ili iwe fupi na ya kuvutia imeondoa somo lenyewe, hata kama mikono ya daktari ni hodari.

Mbele ya utafiti mpya unaosambaa kwa kasi, subira ya siku chache ina thamani. Tarehe 22 Mei 2020 jarida la The Lancet lilichapisha makala iliyodai kutumia kumbukumbu za wagonjwa zaidi ya 96,000 kutoka hospitali 671, ikihusisha hydroxychloroquine, dawa ya zamani ya malaria, na vifo vya wagonjwa wa COVID-19. Siku tatu baadaye Shirika la Afya Duniani lilitangaza kusimamisha kwa muda sehemu ya jaribio lake iliyohusu dawa hiyo. Wakati huo huo watafiti walikuwa mtandaoni wakihoji namba zisizolingana, barua ya wazi ikatoka tarehe 28, na tarehe 4 Juni makala ikaondolewa kwa kuwa data zake, zilizotoka kwa kampuni ya Surgisphere, hazikuweza kuthibitishwa. Mitandao ilieneza kosa na mitandao ikasaidia kulifichua, yote ndani ya siku 14. Ila waliosambaza la kwanza si lazima wasambaze la pili. Kabla ya kumfundishia mtu utafiti fulani, ufungue kwenye PubMed, hazina ya mtandaoni ya tafiti za tiba: makala iliyoondolewa huwekewa onyo juu ya ukurasa.

Siri ya mgonjwa ndiyo sehemu ambapo wanafunzi wazuri huharibikiwa. Uchunguzi uliochapishwa na JAMA mwaka 2009 uliuliza vyuo vya udaktari vya Marekani. Kati ya 78 vilivyojibu swali hilo, 47 viliwahi kukutana na wanafunzi waliochapisha mambo yasiyofaa kitaaluma. Kati ya vyuo 46 vilivyoeleza aina ya makosa, sita vilitaja uvunjaji wa siri za wagonjwa. Wengi hudhani kosa hilo ni la watu wabaya. Kwa kawaida ni la mtu aliyefurahia kisa kizuri na kusahau kuwa kina mwenyewe.

Kufuta jina ndiko kunakokumbukwa, na ndiko kudogo zaidi. Sheria ya Marekani ya HIPAA, kwenye mojawapo ya njia zake za kuficha utambulisho, inaorodhesha aina 18 za vitambulisho vya kuondoa, zikiwemo tarehe za kulazwa, namba za faili na picha ya uso mzima. Ukanda mweusi juu ya macho, uliozoeleka kwenye vitabu vya zamani, hauhesabiki: kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba inasema wazi kwamba kufunika macho hakutoshi kuficha mtu. Tatuu, kovu, pete, shuka yenye nembo ya hospitali, hata ugonjwa wa nadra pamoja na jina la wilaya na neno "leo", vyote hutaja mtu.

Kisha kuna ufundi wa picha yenyewe, ambao hufundishwa mara chache. Picha iliyopunguzwa kingo ndani ya PowerPoint au Word hubaki nzima ndani ya faili mpaka uamuru sehemu zilizokatwa zifutwe. Atakayepokea faili anaweza kulirudisha jina. Mchirizi wa kalamu ya kupakia rangi kwenye simu huwa unapitisha mwanga, ukiongeza mng'ao wa picha maandishi yanarudi. Mwaka 2023 iligunduliwa hitilafu kwenye simu za Google Pixel iliyowezesha kurejesha sehemu zilizokatwa za picha za skrini. Njia salama zaidi ni kufunika kwa boksi lisilopitisha mwanga, kisha kupiga picha ya skrini ya matokeo na kuisambaza hiyo mpya. Kutuma picha kwenye WhatsApp kama waraka hulinda ubora wake, jambo zuri kwa eksirei, lakini pia husafirisha taarifa zilizofichwa ndani ya faili, ikiwemo mahali ilipopigwa kama simu ilikuwa inarekodi.

Tahadhari ikizidi nayo huharibu somo. Anayekata juu ya karatasi ya ECG ili kuondoa jina hukata pia alama za vipimo. Bila kujua kwamba karatasi ilitembea kwa milimita 25 kwa sekunde, na kwamba milimita 10 ni milivolti 1, msomaji hawezi kuhesabu chochote: kiboksi kidogo ambacho alidhani ni sekunde 0.04 kinaweza kuwa nusu ya hapo. Eksirei iliyopigwa picha na kamera ya mbele inaweza kugeuka kama kwenye kioo, moyo ukahamia kulia, na kundi zima likajadili ugonjwa usiokuwepo. Acha alama ya kulia au kushoto ionekane.

Ridhaa nayo ina tabaka. Mgonjwa aliyekubali kutibiwa hajakubali kupigwa picha, na aliyekubali picha iwekwe kwenye faili lake hajakubali ifundishie, na aliyekubali ifundishie darasani hajakubali iende hadharani. Aambiwe kila moja, ikiwemo kwamba kilichokwisha kupanda mtandaoni hakirudi chote hata akibadili nia kesho. "Kundi letu ni la siri" halimlindi: usimbaji wa WhatsApp, uliokamilishwa 2016, hulinda ujumbe ukiwa njiani. Ukifika, picha hujihifadhi kwenye galari ya kila mwanakundi, inapanda kwenye hifadhi ya mtandaoni, na inatokea kwenye kompyuta ya nyumbani kati ya picha za harusi. Zima hifadhi hiyo ya moja kwa moja kwenye mipangilio ya kundi, na washa jumbe zinazotoweka, ukijua kwamba hakuna mpangilio unaozuia mtu kupiga picha kioo kwa simu nyingine.

Mwalimu anayetaka kuingiza haya kwenye kozi yake aanze kwa kutowapa watu alama kwa idadi ya machapisho. Kinachohesabiwa ndicho kinachozalishwa, na atapata "asante daktari" mia moja. Apime jibu lililoandikwa kabla ya ufafanuzi, au usahihi wa kiungo cha mwongozo. Asilazimishe akaunti binafsi. Aache mlango kwa asiyetaka kuwa mtandaoni, kwa kumpa maswali yale yale kwenye karatasi. Na asidhani kwamba waliokulia na simu wanajua kutathmini chanzo. Wanajua kuhariri klipu, na huo ni ustadi mwingine.

Hatimaye kuna suala la kuhifadhi. Twitter ilinunuliwa Oktoba 2022, ikabadilishwa jina kuwa X Julai 2023, na katika kipindi hicho baadhi ya madaktari waliokuwa nguzo za mijadala walihamia Bluesky au Mastodon, au wakanyamaza. Viungo vya nyuzi zilizotumika kufundishia huvunjika mwenye akaunti akiondoka. Basi usiweke kozi yako kwenye ardhi ya mtu mwingine. Uzi ukikufaa, andika kwa maneno yako swali, jibu, kiungo, tarehe uliyousoma, na jina na mwaka wa mwongozo uliouthibitisha, kwenye faili la maandishi matupu linalofunguka bila kuingia kwenye akaunti yoyote. Mwongozo mpya ukitoka, tafuta mwaka wa zamani ndani ya faili hilo na utajua ni mistari ipi ya kusahihisha.